Wafuasi 11,000, wateja 183

Mwezi huu nakuomba uvute kiti ukae vizuri, maana mhariri wako ana jambo la kukiri.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikuandikia kwenye kurasa hizi kwamba wapendanao wasifichane mambo ya fedha. Nimelisema hilo kwa kila namna, nimejibu barua zenu, nimewasuta kina kaka wanaoficha mishahara na kina dada wanaoficha madeni ya vitenge. Sasa sikia: wakati naandika moja ya makala hizo, nilikuwa nadaiwa shilingi 870,000 na mume wangu hajui hata senti moja.

Alijua kwa simu. Ilikuwa jioni ya mwezi Juni 2023, tuko mezani nyumbani kwetu Masumbwe, ugali wa moto na sato wa kukaanga, mara simu yake ikaita. Namba ngeni. Akapokea, akasikiliza, tonge likiwa bado mkononi. Hakusema zaidi ya "ndiyo" mbili tatu. Alipokata akanawa mikono, ingawa sahani yake ilikuwa nusu.

"Mke wangu," akaniambia, "kuna kijana anasema wewe ni mdaiwa sugu, na mimi ndiye mdhamini wako. Anasema ameshampigia na mkuu wa shule."

Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, anafundisha hesabu. Kwa mji kama wetu, mkuu wa shule akipigiwa simu kuambiwa mke wa mwalimu wake ni tapeli, habari hiyo inafika sokoni kabla ya kengele ya asubuhi.

Ili unielewe, inabidi nikurudishe nyuma kidogo.

Mji wa barabarani

Nilihamia Masumbwe mwaka 2016 nikiwa bi harusi mpya mwenye digrii ya mawasiliano na kompyuta mpakato moja. Kazi ya uhariri niliendelea nayo kwa baruapepe, na mara moja moja nikipanda basi kwenda Dar es Salaam kukutana na wenzangu. Kama hupajui kwetu, Masumbwe ipo wilaya ya Mbogwe, mkoa wa Geita, kwenye barabara kuu itokayo Kahama kuelekea Ushirombo na kuendelea hadi mipaka ya Rwanda na Burundi. Zamani ilikuwa wilaya ya Bukombe, mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, watu wakalala Wanashinyanga wakaamka Wanageita. Mama mkwe wangu mpaka leo akiulizwa anajibu "Shinyanga", nami simrekebishi. Lakini ole wako utume mzigo kwa basi ukaandika Shinyanga badala ya Masumbwe, utaufuata Shinyanga mjini. Mimi yameshanikuta.

Ni mji wa malori, mchele, asali na dhahabu. Wachimbaji wadogo wako pande zote, na hela yao huja kwa mkupuo. Rashi ikitokea mahali, yaani watu wakisikia dhahabu imeonekana, vijana wanahama na mabegi yao usiku huohuo, na wauza chapati wanawafuata. Mwenye duara akipata, ananunua godoro, redio, simu na viatu siku moja. Akikosa, hata vocha ya mia tano anakopa.

Nilichokiona mimi ni maduka yaliyojaa mali na wenye maduka waliokaa mlangoni wakisubiri mpita njia. Wakati huo simu janja zilikuwa zimeshaingia kila kona, na kulipana kwa simu hakukuwa jambo geni, M-Pesa ikiwa nchini tangu 2008. Nikajiambia, kwa nini nisiwe mlango wao wa pili? Mwaka 2017 nikaanza. Napiga picha kitenge au debe la asali, naandika maneno matamu, natupia mtandaoni, mteja anaagiza, mzigo unaondoka kwa bodaboda au basi, mwenye duka ananipa kamisheni yangu. Sina stoo, sina fremu. Jamani, ilikuwa bomba! Mwaka wa kwanza nilinunua friji.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu, na niliharibu nikiwa nacheka.

Mwishoni mwa mwaka 2021 ukurasa wetu ulikuwa umefikisha wafuasi 11,000 na ushee. Nikaandika lengo la mwaka 2022 kwa kalamu nyekundu, nikalibandika kwenye kioo cha kabati: WAFUASI 50,000 IFIKAPO DESEMBA. Kila nikichana nywele naliona. Mume wangu aliniuliza mara moja tu, "Wakifika hao elfu hamsini, watanunua nini?" Nikamjibu kwamba yeye ni mtu wa chaki, mambo ya mtandao haya hayaelewi. Mwaka ule nililipia matangazo ya kuongeza wafuasi kama shilingi 1,400,000 hivi. Nilikuwa nalipia kidogokidogo, leo elfu tano, kesho elfu kumi, ile namna ya hela ambayo haiumi ikitoka.

Si kwamba dalili hazikuwepo. Januari 2018 Mark Zuckerberg alitangaza kwamba Facebook itawaonyesha watu zaidi habari za ndugu na marafiki zao, na chache za kurasa za biashara, na wengi wetu wenye kurasa tuliona wateja wakipungua bila kujua tumekosea wapi. Jumatatu ya 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, nami nilikaa saa sita hizo nikizima na kuwasha simu kama kichaa. Hata wakubwa wameanguka. Jumia, iliyouza hisa zake kwenye soko la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake Tanzania tarehe 27 Novemba mwaka huohuo. Kampuni yenye mabilioni ilishindwa, mimi wa Masumbwe nikaona kilichonikwamisha ni wafuasi kutofika elfu hamsini.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Machi 2023 nikapata ujumbe kutoka kwa mtu aliyejitambulisha kama mhudumu wa mtandao ule. Akasema ukurasa wangu umeripotiwa na utafungwa, nimtumie tarakimu sita zitakazoingia kwenye simu yangu ili auokoe. Mimi, mwenye digrii ya mawasiliano, nikamtumia. Dakika kumi baadaye neno langu la siri lilikuwa halifanyi kazi.

Wezi hawakuufuta ukurasa. Laiti wangeufuta! Waliendelea kutupia picha zangu, na maneno yangu, kwa mtindo wangu ule ule, ila namba ya malipo ikawa yao. Wateja watano walituma hela. Mmoja alituma 135,000 ya cherehani, wa pili 90,000, wengine 72,000, 65,000 na 50,000. Jumla 412,000. Mzigo haukufika, na kwa kuwa picha ya ukurasa ilikuwa uso wangu, wote walijua aliyewaibia ni nani.

(Naweka hapa ambayo ningefurahi mtu aniambie mapema. Tarakimu za uthibitisho hazitolewi kwa mtu yeyote, hata ajiite nani. Ukipata ujumbe wa kitapeli, ile "hela tuma kwenye namba hii", utume pamoja na namba ya tapeli kwenda 15040, ni bure. Na bonyeza *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Nilikuta moja nisiyoijua.)

Badala ya kumwambia mwenzangu siku ile ile, nikataka kwanza kurudisha kila kitu kilivyokuwa ili nikimwambia iwe hadithi ya kuchekesha. Nikafungua ukurasa mpya, nikataka wafuasi wa haraka, nikahitaji hela ya matangazo. Nikakopa 300,000 kwenye programu ya mikopo ya simu, ile mikopo ambayo watu wetu wameipa jina lake halisi: kausha damu. Ilipofika siku ya kulipa sikuwa nayo, nikakopa kwenye programu ya pili kulipa ya kwanza, kisha ya tatu. Wakati wa kujiunga nilikuwa nimeruhusu programu isome namba zote zilizomo kwenye simu yangu. Sikufikiria. Ni kitufe tu, unabonyeza unaendelea. Namba ya mume wangu ilikuwamo, na ya mkuu wa shule, kwa sababu mwanetu anasoma shule ya jirani na tuliwahi kupeana lifti.

Miezi kumi na saba baadaye, Novemba 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Nilipoisoma ile orodha sikufurahi wala sikuhuzunika. Niliiona tu kama mtu anayesoma ramani ya shimo aliloshatoka.

Silabi moja

Siku mbili baada ya ile simu mume wangu hakuongea nami zaidi ya salamu. Mama mkwe alikuja, tukaamkiana "mwangaluka", akaangalia nyuso zetu, akaondoka mapema. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Kimya sikuwa nimekiandalia chochote.

Siku ya tatu, alipotoka shule, alikuja na kaunta buku mpya. Akaiweka mezani, akakaa, akafungua kalamu.

"Andika kila tunachodaiwa," akasema. "Na tunadaiwa na nani."

Tunachodaiwa. Hakusema "unachodaiwa". Msomaji wangu, nilitoka nje nikajifanya naanua nguo, nikalia kwenye kamba ya nguo kama mtoto. Tofauti ni silabi moja, lakini mimi ninayeishi kwa maneno najua uzito wake.

Usidhani alinisamehe pale pale. Alisema wazi kwamba kilichomuuma si deni, ni ile miezi mitatu ya kukaa naye meza moja nikicheka. "Hilo," akasema, "sijui litachukua muda gani." Akageuza ukurasa, tukaendelea kuandika.

Kazi ya kwanza alinipa kama anavyowapa wanafunzi wake: nihesabu wateja. Si wafuasi, wateja, watu waliowahi kunilipa hata shilingi. Nilipekua ujumbe wa M-Pesa wa miaka mitano, risiti za mabasi, na daftari la zamani lililokuwa limeliwa na panya pembeni. Ilinichukua siku nne. Kati ya wafuasi 11,000 na ushee, walionilipa walikuwa 183. Walionunua zaidi ya mara moja walikuwa 41.

Nilikasirika, nikarudia kuhesabu. Ni 183.

Halafu nikagundua kitu ambacho mtu aliyeibiwa ukurasa hapaswi kukigundua akiwa na furaha, lakini nilifurahi. Wale 183 hawakuibiwa. Namba zao zilikuwa hapa, kwa mwandiko wangu. Wezi walikuwa wamechukua ubao wa tangazo, duka walikuwa wameliacha.

Lengo la magogo

Kila semina ya ujasiriamali utakayohudhuria, kuanzia Geita mpaka Mbagala, utafundishwa zile herufi tano za SMART. Alizibuni George Doran mwaka 1981 kwa ajili ya mameneja, na hazina ubaya. Ila mimi lengo langu la wafuasi 50,000 lilikuwa na namba, lilikuwa na tarehe, lilipimika, mwalimu yeyote wa semina angelipigia makofi. Lilikuwa lengo zuri la kitu kisicho changu.

Utafiti ulionisaidia ulihusu malori, na labda ndiyo sababu ulinikaa, maana kwetu malori yanapita usiku kucha. Mwaka 1975 Gary Latham na James Baldes walichapisha utafiti wao kuhusu wakata magogo wa Oklahoma, Marekani. Malori ya magogo yalikuwa yakiondoka na mzigo wa asilimia kama 60 hivi ya uzito unaoruhusiwa na sheria. Kuwaambia madereva "jitahidini kadiri mwezavyo" hakukubadilisha kitu. Wakapewa lengo moja: asilimia 94. Bila nyongeza ya mshahara, mzigo ulipanda mpaka zaidi ya asilimia 90. Unaona kilichowasaidia? Kupakia gogo moja zaidi kulikuwa mikononi mwa dereva. Hawakuambiwa wapandishe bei ya mbao duniani.

Kwa hiyo tulipokaa Jumapili ya 2 Julai 2023 kupanga upya, tulikubaliana kwamba kwenye kaunta buku hakuandikwi lengo lolote ambalo mkono wangu hauwezi kulifanya kesho asubuhi. Tukaandika: simu kumi kwa siku, siku sita kwa wiki, kwa watu waliomo kwenye orodha ya 183 au waliotajwa nao. Simu ya kuongea, si ujumbe wa kutuma kwa wote. Mume wangu akapiga hesabu. Kwa wiki za mwanzo za majaribio, simu 60 zilizaa oda kama 9, na oda moja iliniachia wastani wa shilingi 4,000 baada ya kutoa bando na nauli. Yaani 36,000 kwa wiki. Deni la programu 870,000, na zile 412,000 za wateja walioibiwa, jumla 1,282,000. Gawanya. Wiki 36.

Ndiyo, tuliwalipa walioibiwa. Hapa tulibishana kweli. Yeye alisema hela ile ilichukuliwa na mwizi, polisi wana taarifa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, mwache sheria ifanye kazi. Nilimwelewa, mshahara wa mwalimu si mti wa embe. Lakini nilikuwa nimeshaongea na yule mama wa cherehani. Nilimfuata kwake kwa bodaboda, nikiwa nimejiandaa kumweleza mambo ya neno la siri na tarakimu sita. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanikaribisha uji.

"Mwanangu," akaniambia, "mimi mambo ya mtandao siyajui. Mimi sikutuma hela mtandaoni. Nilituma kwako."

Nilirudi nikamweleza mume wangu maneno yale kama yalivyo. Akakaa kimya, akachukua kalamu, akamwandika yule mama namba moja kwenye orodha ya malipo, juu ya programu zote. Tulimlipa kwa awamu tano. Ya mwisho alinirudishia elfu tano ya nauli, na wiki iliyofuata akanipa wateja watatu, mashoga zake wa kwaya. Ningependa kukuambia wote watano walikuwa hivyo. Mmoja alipokea hela yake akanitukana na kuniziba simu, na ana haki yake.

Ikiwa, basi

Kuna wanasaikolojia wawili Wajerumani, Gabriele Oettingen na Peter Gollwitzer, ambao kwa gazeti la wapendanao siwezi kuacha kukuambia kwamba ni mke na mume. Mama huyo, pamoja na mwenzake Doris Mayer, alichapisha mwaka 2002 utafiti uliowafuatilia wahitimu wa chuo kikuu. Waliokuwa wakijiotea sana kazi nzuri, kufumba macho na kujiona tayari ofisini, miaka miwili baadaye walikuwa wameomba kazi chache, wamepata ofa chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Ndoto tamu inamlegeza mtu kama vile ameshafika. Nilipoisoma hiyo nikakumbuka kioo changu cha kabati, nikaenda kubandua ile karatasi. Gundi imebaki mpaka leo.

Mzee naye ni maarufu kwa kitu rahisi: usiandike tu unachotaka, andika ikitokea hivi, basi nitafanya vile. Sisi tulijaza ukurasa mzima. Ikifika saa 3 asubuhi, basi nafungua kaunta buku kabla ya kufungua mtandao wowote. Mteja mpya akiagiza mzigo wa zaidi ya 100,000, basi halipi yote mpaka aone mzigo kwa wakala wa basi. Mteja akisema "nitakutafuta", basi namuuliza siku gani, naandika. Na moja aliiandika yeye, sikuipenda: mke akitaka kukopa hata elfu kumi, basi anasema mezani kabla ya kulala. Nikamwambia haki iwe kwa wote, tukafuta neno "mke" tukaandika "yeyote". Wiki ya tatu aliyeshikwa na sheria hiyo alikuwa yeye, na mkopo wa kikoba cha walimu.

Kosa letu kubwa la mwaka ule wa kwanza lilikuwa kuweka lengo moja kwa miezi yote. Masumbwe haina mwezi mmoja unaofanana na mwingine. Mpunga ukivunwa na msimu wa ununuzi wa pamba ukifunguliwa, kuanzia mwezi Mei hivi, mkulima anapokea simu yako akicheka. Januari na Februari kila mtu ana ada na sare za shule. Krismasi ni vitenge na viatu vya watoto, Ramadhani inapokaribia Idi ni kanzu na baibui. Wachimbaji hawana kalenda, wao ni rashi. Februari 2024 nilipiga simu zangu 60 kila wiki na kupata oda tatu, nne. Nikataka kuacha. Mwalimu wa hesabu hakutaka kushusha lengo, akasema ukishusha mara moja utashusha daima. Tukanuniana siku nzima. Mwisho tukaafikiana kwamba simu zibaki 60, kwa kuwa hizo ni zangu, ila matarajio ya oda yashuke mpaka tano, kwa kuwa hizo ni za mfuko wa mteja.

Ndiyo maana wiki 36 zikawa 44. Jumapili ya 5 Mei 2024 tulipiga mstari wa mwisho kwenye deni la mwisho. Hatukufanya sherehe. Alininunulia soda ya baridi, tukakaa barazani tukihesabu malori. Wiki moja baadaye, Jumapili ya 12 Mei, nyaya za intaneti za baharini zikakatika na mtandao ukazorota Afrika Mashariki nzima. Nikaangalia simu, nikaangalia kaunta buku, nikacheka peke yangu.

Mtihani wenyewe ulikuja mwaka uliofuata. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ilikaa hivyo kwa siku kadhaa. Yaliyotokea siku zile ni mazito kuliko biashara ya mtu yeyote, wala sitayageuza kuwa somo la masoko. Nitakuambia tu nilichofanya mimi. Kwa siku za mwanzo sikumpigia mtu kuuza kitu. Niliwapigia kuwauliza kama ni wazima, wao na watoto. Kwa simu ya kawaida, kwa majina, nikifuata kaunta buku mstari kwa mstari. Wengi walishangaa. Kijana mmoja mwenye kalasha ya kusagia mawe upande wa Nyakafuru aliniambia, "Dada, tangu juzi wewe ndiye mtu wa kwanza kunipigia ambaye simdai wala hanidai."

Sasa orodha imefika watu 312. Ukurasa mpya ninao, wafuasi ni 1,900 tu, na silipii kuongeza hata mmoja. Nautumia kama dirisha: mtu aone picha, kisha tuongee. Kila jina jipya linapoingia kwenye kaunta buku nauliza kwanza kama naruhusiwa kulihifadhi, tangu nilipopata habari kwamba sheria ya kulinda taarifa binafsi inafanya kazi nchini toka Mei 2023, na tangu nilipojua inavyouma namba ya mumeo ikiwa mikononi mwa asiyehusika. Nakala ya pili ya orodha iko shuleni, kwenye kabati la mwalimu, kwa ajili ya panya.

Jumapili iliyopita tulikaa tena mezani. Kaunta buku ni ya tatu sasa. Mume wangu amekuja na wazo kwamba tukodi fremu Kahama mjini, tuweke mali yetu wenyewe, tuache kuuza ya watu. Ameshapiga hesabu ya kodi ya miezi sita, rangi, rafu na kianzio cha mali, zimejaa kurasa mbili kwa mwandiko wake ule wa ubaoni. Mimi naogopa. Nilimwambia Kahama hanijui mtu, kwamba wale 312 ni wa huku, na kwamba fremu nayo inaweza kuwa ni wafuasi elfu hamsini wenye mlango wa chuma. Akaniuliza, "Hiyo ni hesabu au ni woga?"

Sikuwa na jibu. Amenipa mpaka Jumapili ijayo, na ameniachia kalamu juu ya ukurasa mtupu. Leo ni Alhamisi. Nimeshapiga simu ishirini na mbili kwa watu walioko Kahama.